Kuahirisha Masomo ya Udaktari Baada ya Kupata Nafasi: Mambo ya Kupima Kabla ya Kuamua

Kila mwaka, kati ya kutangazwa kwa majina ya waliodahiliwa na kufunguliwa kwa vyuo vikuu, kliniki na vituo vya afya hupokea swali lisilokuwamo katika vitabu vya tiba. Mgonjwa aliyekuja kuchukua dawa zake za mwezi humwuliza mhudumu: "Nimechaguliwa kusomea udaktari. Niende sasa, au niahirishe hadi mwakani?" Swali hilo hilo huulizwa na watumishi wa afya wenyewe, matabibu na wauguzi waliokaa kazini miaka kadhaa, wakaomba nafasi ya shahada na kuipata. Nyumbani mzee mmoja husema subira huvuta heri, na mwingine humjibu kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Methali zote mbili ni za kweli, kila moja mahali pake. Linalotakiwa ni kupambanua mahali penyewe.

Makala haya yanazungumzia hali ilivyo Tanzania. Hoja yake ni kwamba kuahirisha kunafaa yanapotimia mambo matatu kwa pamoja: mwaka huo uwe na kazi mahususi isiyoweza kufanyika sambamba na masomo, kazi hiyo iweze kukamilika ndani ya mwaka huo, na nafasi ya chuo iwe imehifadhiwa kwa maandishi. Mwaka usio na kazi ya kufanya hupita kama mingine, na mwisho wake mwombaji hujikuta na swali lile lile alilokuwa nalo mwanzoni.

Kuahirisha si kuacha nafasi

Waombaji wengi huchanganya mambo mawili yaliyo mbalimbali. Kuahirisha ni kuomba rasmi kuanza masomo baadaye na kukubaliwa. Kuacha nafasi ni kutofika chuoni, hata kama mwenye nafasi alikuwa na sababu njema moyoni. Chuo hakisomi moyo, husoma barua.

Udahili wa vyuo vikuu nchini husimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Mwombaji aliyechaguliwa na chuo zaidi ya kimoja hutakiwa kuthibitisha chuo kimoja katika muda uliowekwa. Asiyethibitisha, au aliyethibitisha kisha asiripoti wala kuandika chochote, asitegemee kukuta kiti chake kikimsubiri mwaka unaofuata. Nafasi za udaktari huwaniwa na wengi, na kiti kilichoachwa wazi hutafutiwa mtu mwingine.

Taratibu za kuahirisha hutofautiana baina ya chuo na chuo. Huenda chuo kimoja kikataka mwanafunzi asajiliwe kwanza ndipo aombe kuahirisha, na kingine kikapokea maombi kabla ya usajili. Kwa hiyo swali la kwanza lipelekwe ofisi ya udahili ya chuo husika, mapema kabla ya siku ya mwisho ya usajili. Mwombaji aulize mambo manne: je, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaruhusiwa kuahirisha, ni sababu zipi zinazokubaliwa na ni vielelezo gani vinavyotakiwa, ni ada ipi inayopaswa kulipwa sasa, na ni lini anatakiwa kuthibitisha kurejea. Majibu ya simu hayatoshi. Mali bila daftari hupotea bila habari, na nafasi ya chuo ni mali.

Mkopo nao una hesabu yake. Aliyepangiwa mkopo na Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu asidhani kwamba fedha za mwaka huu zitawekwa kando kwa jina lake hadi mwakani. Ni lazima aiarifu Bodi kupitia chuo chake na aulize atalazimika kufanya nini mwaka utakaofuata. Mgonjwa ana jambo jingine la kuangalia, yaani bima ya afya. Ikiwa kadi yake itategemea kusajiliwa kwake kuwa mwanafunzi, kuahirisha kunaweza kumwacha bila bima katika mwaka ule ule aliouomba ili ajitibu.

Urefu wa safari

Shahada ya udaktari wa binadamu nchini huchukua miaka 5, ikifuatwa na mwaka 1 wa utarajali hospitalini kabla ya usajili kamili wa udaktari. Anayetaka ubingwa huongeza kwa kawaida miaka 3 au zaidi. Kijana anayeanza akiwa na umri wa miaka 20 huwa daktari kamili akiwa na miaka 26. Tabibu anayeanza akiwa na miaka 38 hufika hapo akiwa na miaka 44.

Watu hutoa mafunzo mawili yanayopingana kutokana na hesabu hiyo. Wapo wasemao kwamba safari ni ndefu mno, hivyo asicheleweshe hata siku moja. Wengine husema kwamba kwa kuwa safari ni ndefu, mwaka mmoja si kitu. Jibu la haki limo katika umri na hali ya mtu. Mwaka unaoahirishwa mwanzoni hulipwa mwishoni, kwa kuwa ni mwaka mmoja unaopungua katika utumishi wa daktari. Kwa kijana wa miaka 20 hasara hiyo ni ndogo, na haifai kumfanya aingie chuoni akiwa hoi. Kwa mwenye miaka 38 ni nzito zaidi, na haifai kuibeba kwa ajili ya sababu hafifu.

Ugonjwa unapoleta swali

Ugonjwa pekee si sababu ya kuahirisha. Kinachopimwa ni matibabu: yanahitaji nini, kwa muda gani, na je, yanaweza kufanyika huku mtu akisoma?

Chukua mfano wa kijana aliyegundulika kuwa na kifua kikuu mwanzoni mwa Agosti, ilhali chuo kinafunguliwa mwishoni mwa Oktoba. Kifua kikuu cha kawaida, kisicho sugu kwa dawa, hutibiwa kwa miezi 6: miezi 2 ya mwanzo kwa dawa nne, na miezi 4 kwa dawa mbili. Dawa zikimezwa ipasavyo, uwezo wa kuambukiza wengine hupungua sana ndani ya wiki chache. Chuo kitakapofunguliwa, kijana huyo atakuwa amemaliza awamu ya kwanza, na kufikia Februari atakuwa amemaliza matibabu yote. Akiwa anaendelea vizuri na makohozi yake yamethibitishwa kuwa safi, kuahirisha mwaka mzima ni kulipa miezi 12 kwa ajili ya miezi michache iliyobaki ya kumeza vidonge. Anachohitaji ni barua ya kuhamishia matibabu katika kituo kilicho karibu na chuo. Hali ingekuwa tofauti kama kifua kikuu chake kingekuwa sugu kwa dawa, au kama amedhoofika kiasi cha kushindwa kupanda ngazi.

Linganisha na binti ambaye vali ya moyo wake iliharibiwa na homa ya baridi yabisi, naye amepangiwa upasuaji mwezi Novemba. Baada ya kifua kufunguliwa, mfupa wake huhitaji takribani miezi 3 kuunga vizuri. Akiwekewa vali ya chuma, ataanza dawa ya kuzuia damu kuganda, ambayo kipimo chake hurekebishwa kwa kupima damu mara kwa mara, hasa katika majuma ya mwanzo. Wakati huo wenzake watakuwa wakisoma anatomia, fiziolojia na biokemia, masomo ambayo miaka yote inayofuata husimama juu yake. Hapa mwaka una kazi iliyo wazi, yenye mwanzo na mwisho, na isiyoweza kufanyika darasani. Kuahirisha ni sehemu ya tiba yake.

Kati ya mifano hiyo miwili wapo wengi. Mgonjwa wa selimundu aliyeanzishiwa haidroksiyurea hupandishiwa dozi hatua kwa hatua kwa majuma mengi, na faida kamili hupimwa baada ya miezi kadhaa. Iwapo maumivu makali humlaza hospitalini kila mwezi, ni busara kutuliza ugonjwa kwanza. Iwapo hali yake ni tulivu, asiache kuhesabu jambo moja ambalo familia nyingi hulisahau: vyuo vya udaktari viko karibu na hospitali kubwa. Chuo cha Muhimbili kipo jirani na Hospitali ya Taifa jijini Dar es Salaam. Moshi kuna KCMC. Mwanza kuna Bugando. Kwa mgonjwa atokaye wilaya ya mbali, kwenda chuoni kunaweza kumsogeza karibu na bingwa wake kuliko kubaki nyumbani.

Sonona huhitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa ugonjwa wenyewe hubadilisha namna mtu anavyoyaona mambo. Aliye katika kina cha huzuni huona kila mlango umefungwa, na uamuzi wa kuacha nafasi huweza kuwa dalili ya ugonjwa badala ya kuwa chaguo lake. Dawa za sonona huchukua majuma kadhaa kuonyesha kazi yake. Muda ukiruhusu, uamuzi usogezwe hadi matibabu yaanze kuleta nafuu. Ikumbukwe pia kwamba mwaka wa kukaa nyumbani bila ratiba wala marafiki huweza kuuzidisha ugonjwa huo. Lakini mwenye mawazo ya kujiua, asiyelala wala kula, hapaswi kupelekwa chuoni kwa matumaini kwamba masomo yatamchangamsha. Huyo atibiwe kwanza, tena bila kukawia.

Mwenye kifafa aelezwe kwamba kukosa usingizi huchochea degedege, na kwamba masomo ya udaktari yana usiku mwingi wa kukesha kabla ya mitihani, na baadaye zamu za wodini. Ikiwa degedege bado humjia mara kwa mara, miezi ya kutafuta dawa na kipimo kinachomfaa si miezi iliyopotea. Anayeishi na virusi vya UKIMWI na anayetumia dawa zake vizuri hana sababu ya kitabibu ya kuahirisha kwa ajili ya hali hiyo peke yake, na asikubali kuambiwa vinginevyo.

Ujauzito si ugonjwa, lakini una kalenda yake. Anayetarajia kujifungua mwezi Desemba ataingia chuoni miezi miwili kabla, na maziwa ya mama pekee hushauriwa kwa miezi 6 ya kwanza ya mtoto. Aidha, katika chumba cha anatomia kuna mvuke wa fomalini ambao mjamzito hushauriwa kuuepuka kadiri iwezekanavyo. Wapo wanawake waliosoma na kunyonyesha kwa msaada wa mama au dada aliyekubali kuhamia karibu na chuo. Pasipo msaada wa namna hiyo, kuahirisha mwaka mmoja ni kumhifadhi mtoto, na pia masomo yenyewe.

Mtumishi wa afya aliyechaguliwa

Kwa tabibu au muuguzi aliye kazini, swali kubwa huwa mwajiri. Mtumishi wa umma anayeondoka kituoni bila ruhusa ya masomo iliyoandikwa hujiweka katika hatari ya kuhesabiwa mtoro, na utoro kazini huweza kumfukuzisha kazi. Barua ya udahili haichukui nafasi ya barua ya ruhusa.

Iwapo mwajiri amesema kwa maandishi kwamba mwaka huu hawezi kumwachia, kwa kuwa kituo kina tabibu mmoja tu, lakini amemwingiza katika mpango wa mafunzo wa mwaka ujao, sababu hiyo ina uzito: mwaka una kazi yake, na mwisho wake unajulikana. Iwapo mwajiri husema kila mwaka "tutaona mwakani", mtumishi atambue kwamba hilo halina mwisho. Kuahirisha juu ya ahadi isiyo na tarehe ni kuweka nafasi yake rehani kwa maneno matupu. Hapo inambidi aipeleke hoja yake ngazi ya juu, au aamue kwa macho makavu kama yuko tayari kuomba likizo bila malipo au kujiuzulu.

Mtumishi asisahau pia kwamba uzoefu wake ni mtaji unaodumu. Tabibu aliyezoea kumpima mgonjwa kwa mikono yake hufika wodini akiwa na jambo ambalo wenzake waliotoka kidato cha sita hawana. Mwaka wa sita au wa saba wa kazi ile ile, hata hivyo, huongeza kidogo tu juu ya mitano iliyotangulia. Anayesema anaahirisha "ili apate uzoefu zaidi" ataje uzoefu gani, na mahali gani.

Sababu zinazodanganya

Sababu ya kwanza ni uchovu. Mhitimu wa kidato cha sita humaliza mitihani mwezi Mei, na vyuo hufunguliwa Oktoba au Novemba. Miezi hiyo tayari ni mapumziko, hata ikitolewa miezi ya mafunzo ya JKT. Ikiwa uchovu haujaisha baada ya muda huo, huenda si uchovu. Apimwe upungufu wa damu, na aulizwe juu ya usingizi na huzuni.

Sababu ya pili ni akiba. Fedha ni sababu ya haki, lakini ifanyiwe hesabu. Tuseme mtu anaweza kuweka 150,000/= kila mwezi. Mwaka mzima utampa 1,800,000/=. Kama pengo lake kwa miaka 5 ni 2,000,000/=, mwaka huo umekaribia kuliziba, na kuahirisha kunaeleweka. Kama pengo ni 12,000,000/=, mwaka huo haukumwondolea tatizo; umeligusa tu. Mwenye pengo la namna hiyo anahitaji mkopo, mfadhili, au chuo chenye ada nafuu, na jitihada zake zielekezwe huko.

Sababu ya tatu ni hofu. Wapo wanaoogopa damu, maiti, au kushindwa mitihani. Hofu ya namna hiyo haiishi kwa kungoja. Hupungua kwa mazoea na kwa kusaidiwa. Lakini ipo hofu nyingine inayostahili kusikilizwa, nayo ni ya kijana anayejua kwamba udaktari ni chaguo la wazazi wake na si lake. Huyo hahitaji mwaka wa kuahirisha. Anahitaji mazungumzo ya kweli nyumbani kabla hajathibitisha nafasi, pengine mbele ya mjomba au shangazi anayeheshimiwa na pande zote.

Wajibu wa mtoa huduma

Mhudumu anayeulizwa swali hili asiamue kwa niaba ya mgonjwa, wala asikwepe kwa kusema "hilo ni la familia". Kazi yake ni kutoa majibu ambayo yeye peke yake anayo: matibabu yatachukua muda gani, dalili gani zinatarajiwa, mgonjwa ataweza kufanya nini na hataweza nini, na huduma hiyo inapatikana wapi karibu na chuo.

Akiombwa barua, aandike kwa ukweli na kwa uangalifu. Mara nyingi barua haihitaji kutaja jina la ugonjwa. Inatosha kueleza kwamba mhusika yuko katika matibabu, kwamba matibabu hayo yanamzuia kuhudhuria masomo kwa muda fulani, na kwamba anatarajiwa kuwa tayari kufikia tarehe fulani. Chuo kikitaka zaidi, mgonjwa aulizwe kwanza, kwa kuwa siri ni yake. Barua ya uongo, hata iliyoandikwa kwa huruma, humdhuru anayeiandika na anayeibeba. Daktari mtarajiwa asianze taaluma yake kwa cheti cha kughushi.

Huja pia wakati ambapo ugonjwa hauwezi kungoja na chuo kimekataa kuhifadhi nafasi. Hilo ni jambo gumu kumwambia mtu aliyeisubiri nafasi hiyo kwa miaka, lakini liambiwe waziwazi: maombi ya chuo hufunguliwa tena kila mwaka, ilhali moyo, mapafu au figo vikishaharibika havina awamu ya pili ya udahili. Aliyepata alama za kumwezesha kuchaguliwa anazo bado, na anaweza kuomba tena.

Mwaka ukiahirishwa, uwe na ratiba

Aliyekwisha kukubaliwa kuahirisha aandike kwenye karatasi moja kazi ya mwaka huo, tarehe za kliniki au upasuaji, siku ya kuiandikia ofisi ya udahili kuthibitisha kurejea, na siku ya kuulizia mkopo. Nakala abaki nayo mtu mwingine wa nyumbani, kwa kuwa mgonjwa akizidiwa tarehe za chuo hazisimami. Kila baada ya miezi 3 ajiulize kama kazi ya mwaka inasonga.

Yako pia mambo madogo ya kukamilisha. Anayekwenda kuhudumia wagonjwa anapaswa kuwa amechanjwa dhidi ya homa ya ini aina ya B, na chanjo hiyo hutolewa kwa dozi tatu: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi 1, na ya tatu miezi 6 baada ya ile ya kwanza. Aliyeahirisha ana muda wa kuzimaliza zote kabla ya kufika chuoni. Anayekwenda sasa aanze sasa, ili awe amekingwa kabla ya kuingia wodini. Aidha, kusoma kurasa chache za biolojia na kemia kila juma huzuia yale ya kidato cha sita yasifutike.

Familia nazo zina sehemu yake. Kijana aliyeahirisha ili atibiwe asigeuzwe mlinzi wa duka au mlezi wa watoto wa ndugu kwa sababu tu "yupo nyumbani". Mwaka huo una mwenyewe, na una kazi yake. Ukiheshimiwa hivyo, atakayeripoti chuoni mwakani atakuwa na afya ya kumaliza miaka 5, na wagonjwa watakaomngoja mwisho wa safari hiyo hawatamwuliza kwa nini alichelewa.